Mwanafunzi wa Dodoma na utafiti wa nyasi za bahari: mbizi, bamvuo na sampuli

Swali: Shikamoo Dokta. Nasoma Biolojia mwaka wa pili, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimepata nafasi ya mafunzo ya utafiti ya wiki nane Unguja, kuanzia Julai. Nimepangiwa kuangalia kama nyasi za bahari ni chache kwenye mashamba ya mwani, na msimamizi anataka pendekezo la kurasa mbili kabla sijaripoti. Mimi ni mtoto wa Kongwa, kuogelea sijui. Nijifunze kupiga mbizi kwanza? Na sampuli ngapi zinatosha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mbizi za mtungi weka kando. Ni ghali, na nyasi utakazopima utazifikia kwa miguu maji yakipwa. Kuogelea ni suala jingine: jifunze walau kuelea, maana maji yakianza kujaa hayakusubiri umalize kuandika. Tafuta bwawa la hoteli hapo mjini. Hombolo usiende, kichocho kipo.

Kabla ya sampuli, shika kalenda ya maji. Ukiambiwa wiki nane, wewe wa bara unahesabu siku arobaini za kazi. Mtu wa pwani anahesabu bamvuo. Bamvuo, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kila baada ya siku 14 au 15. Katikati yake ni maji mafu: bahari haitoki mbali, na maeneo yako yanabaki chini ya maji. Kwa hiyo una bamvuo nne hivi, na kila moja itakupa siku nne au tano nzuri. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika kama 50. Unapata saa mbili, tatu za kazi, basi. Bamvuo ya kwanza itaishia kwenye kujifunza kutambua aina za nyasi, kutenganisha *Thalassia* na *Cymodocea* na kadhalika, na ya mwisho iache kwa kuziba mapengo. Za kupimia ni mbili tu.

Sasa sampuli. Utaratibu uliozoeleka ni kamba tatu za mita 50, zikiachana mita 25, na fremu ya sentimita 50 kwa 50, ile kwadrati, kila baada ya mita 5. Kamba moja ina kwadrati 11, eneo zima 33. Hapa ndipo ripoti nyingi za wanafunzi huharibika: mtu anapima eneo moja lenye shamba na moja lisilo na shamba, halafu anaandika kwamba ana sampuli 33 kila upande. Hana. Kwadrati zilizo jirani ziko kwenye mchanga uleule na kina kilekile, hivyo hufanana hata kama mwani haujawahi kulimwa hapo. Swali lako linahusu mashamba, kwa hiyo kinachohesabika ni idadi ya mashamba. Hata ukipima kwadrati 200, bado unalinganisha kitu kimoja na kimoja, na tofauti utakayoiona huenda imeletwa na mkondo wa maji tu.

Mimi ningechukua maeneo matatu yenye mashamba na matatu yasiyo nayo, yenye kina kinachokaribiana, eneo moja kwa siku. Siku sita hizo zinaingia kwenye bamvuo mbili na akiba inabaki, nawe utaihitaji, kwa kuwa Julai na Agosti ni msimu wa upepo wa kusi na upande wa mashariki huchafuka. Pishanisha: leo lenye shamba, kesho lisilo nalo. Ukimaliza yote ya aina moja kwanza, utakuwa umelinganisha bamvuo, si mashamba. Matatu kwa matatu bado ni machache. Liandike hilo waziwazi kwenye pendekezo, msimamizi atakuheshimu zaidi.

Mashamba hayo, huko Paje na Jambiani ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989, mengi ni ya akina mama. Mwombe msimamizi akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kisha uwaone wenyewe. Ukikanyaga kamba zao za mwani bila hodi, utafiti umekwisha siku hiyo.

Ukiwa bado Dodoma, tengeneza fremu ya bomba la plastiki, itupe kwenye nyasi za chuoni, wewe na mwenzako mkadirie asilimia ya uoto kila mmoja peke yake, halafu mlinganishe. Mkiachana kwa 30, rudieni mpaka mkaribiane. Jioni jifunze R, ni programu ya bure ya takwimu. Sokoni nunua viatu vya soli ngumu na penseli, wino hufutika.

Kwenye pendekezo weka swali moja, ramani ya maeneo sita na jedwali la maji lenye tarehe zako. Na tiketi ya treni ukate kwa jedwali hilohilo, ufike Unguja siku mbili tatu kabla ya bamvuo. Ukifika maji mafu yanaanza, wiki nzima utakaa ukitazama bahari.