Speed King au Camco? Inategemea mguu wako

Kaka, umeuliza kati ya pedali mbili za ngoma kubwa ya mguu (bass drum), Ludwig Speed King na Camco ya zamani, ipi ni bora. Mimi ni mtu wa Speed King, kwa hiyo jua mapema kwamba naegemea upande.

Speed King imekuwepo tangu 1937. Springi zake zimefichwa ndani ya nguzo mbili, na badala ya mkanda au mnyororo ina kiungo cha chuma, kwa hiyo mguu ukishuka tu nyundo imeshafika. Ukipiga kisigino kikiwa chini, utaipenda. Kero yake ni kelele: hulia kwiki kwiki kama kitanda cha gesti. Hata ya John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, inasikika ikilia kwenye rekodi za bendi hiyo, ndiyo maana sijawahi kuionea aibu yangu. Fungua skrubu za chini ya nguzo, toa springi, futa uchafu, paka grisi, rudisha. Utapumua kwa muda.

Camco ni laini zaidi, ina mkanda na springi moja ya nje unayoirekebisha bila kupindua pedali. Ukishazoea DW 5000, pedali ya kampuni ya Drum Workshop (DW), hutaiona ngeni, kwani DW walinunua mitambo ya Camco mwishoni mwa miaka ya 1970 na pedali yao ikatokea humo. Wanaokanyaga kwa nguvu, kisigino juu, wengi huishia huku.

Wewe unapiga kisigino juu au chini?