Jibu: Pankeki za viazi vitamu zinakatika nikigeuza

Salama dadangu. Umesema pankeki zako hazina ngano wala nafaka yoyote, ni viazi na mayai tu, na ukigeuza zinakatika na ndani ni tope. Cha kwanza angalia maji. Viazi ukivitokosa vimemenywa vinanyonya maji mengi, bora uvipike kwa mvuke na maganda yake, menya, ponda, halafu wacha vipoe kabisa kabla hujatia mayai. Mimi kikombe 1 cha viazi vilivyopondwa natia mayai 2 na vijiko 2 vya unga wa muhogo, huo pale soko la Kongowea, Mombasa, upo na si nafaka, ndio unashika. Hiliki usiinyime jamani, na tui zito kijiko tu, likizidi unarudi kulekule kwenye tope.

Moto uwe mdogo maana sukari ya kiazi inaungua haraka nje na ndani bado mbichi, na uzifanye ndogo za kiganja, usiguse mpaka kingo zikauke. Alafu baking poda soma pakiti, nyingi zina wanga wa mahindi, na mahindi ni nafaka, kwa hiyo tumia baking soda kidogo na matone ya ndimu.