Fomati ya ripoti ya mazingira sikutumii, mdogo wangu

Wiki iliyopita, saa nne usiku, nilitumiwa ujumbe WhatsApp na binti nisiyemfahamu. "Shikamoo dada. Nafuatilia maandiko yako. Nimeajiriwa afisa mazingira kiwanda cha nondo, mteja kaomba ripoti ya mazingira na bosi anaitaka mwisho wa mwezi. Naomba fomati yako nijaze tu namba zetu."

Marahaba, mdogo wangu. Fomati sikutumii. Najua umenuna, lakini keti nikusimulie fomati ilivyonitenda, maana wengi mnaonisoma hapa mnataka nilipofika na hamtaki kusikia nilipopita.

Nilianzia kiwanda cha nguo hapa Dar, Barabara ya Nyerere, ambayo wenyeji bado tunaiita Pugu Road. Nilikuwa afisa mazingira wa kwanza kuajiriwa pale. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya mtu wa rasilimali watu, na kazi yenyewe ilikuwa kulipa ada ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kuhakikisha cheti kimetundikwa mapokezi. Vijana wa kupakia mizigo walinibatiza Mama Takataka. Nilikuwa na miaka 27, sina mume wala mtoto, tayari ni mama, tena wa takataka.

Mwaka 2019 mnunuzi wetu wa taulo kutoka Ujerumani akaandika kwamba kila kiwanda kinachomuuzia kimpe hesabu ya gesijoto (hewa ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto), maji na majitaka. Mkurugenzi akanisukumia barua pepe: "Wewe si ndiye mazingira?" Nikaomba fomati kwa mtu niliyesoma naye chuo, nikajaza. Lita za dizeli nilichukua kwa mhasibu, umeme kwenye ankara za TANESCO, maji nikakisia. Nikachora grafu za kijani. Jaladani nikaweka picha ya mti mkubwa wa kuvutia. Haukuwa mti wetu. Kiwandani kwetu kulikuwa na mwarobaini mmoja, na chini yake ndipo mameneja walipogombania kuegesha magari.

Ripoti ikasifiwa mpaka nikapigwa picha na mkurugenzi. Nikajiona nimefika.

Miezi minne baadaye akaja mkaguzi wa mnunuzi, mama mmoja mfupi mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Grafu zangu hakuzitazama. Alifungua ukurasa wa dizeli akauliza jenereta letu ni la kVA ngapi. Nikasema 500. Mwezi uliopita liliwaka saa ngapi? Sikujua. Akainuka: twende.

Kwenye uso wa jenereta, chini ya vumbi lililoshikana na grisi, kuna kidirisha kidogo cha tarakimu kinachohesabu saa tangu mashine ilipowashwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekipita kwa miaka miwili. Alikifuta kwa kidole gumba, akaandika, akaomba kitabu cha jenereta, akatoa namba hii kwenye ile. Saa 61. Jenereta la ukubwa ule likibeba robo tatu ya mzigo hunywa karibu lita 80 kwa saa, kwa hiyo lita 4,880. Ongeza foklifti zetu, lita 700. Ripoti yangu ilisema kwa mwezi tunachoma lita 9,000.

"Nyingine mmezichomea wapi?"

Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa. Hesabu ni nyepesi: niliitangazia dunia tani 24, na moshi wetu halisi ulikuwa tani 15. Tani tisa zilitoka kwenye bomba la ekzosi la watu nisiowajua, labda kwenye daladala za Gongo la Mboto. Yaani nilikuwa nimewaandikia wezi risiti, tena yenye grafu.

Sasa inakuja sehemu ambayo sijawahi kuiandika. Nilimpelekea meneja ile tofauti. Akanitazama, akazungusha kalamu, akasema, "Andika matumizi mengineyo." Nikaandika. Robo mwaka nzima niliandika matumizi mengineyo, lita elfu tatu na kitu kila mwezi. Mdogo wangu alikuwa chuo na mshahara wangu ndio ulikuwa ada. Sijitetei. Nakuambia ili siku ukiambiwa maneno hayo uyatambue kwa sauti yake.

Aliyenitoa pale ni babu mlinzi wa geti la nyuma. Siku moja aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Mwanangu, tenki lipimwe usiku." Basi. Kuanzia kesho yake nikawa nafika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu kubadilishana. Babu anashika tochi, mimi natumbukiza ule ufito wa chuma kwenye tenki, nauvuta, nasoma alama ya unyevu kabla haijakauka. Jioni narudia. Mikono ilinuka dizeli mpaka wali ukawa na ladha yake. Siku ya kumi na mbili alama ilishuka sentimita nane toka jioni, na kile kidirisha cha jenereta hakikuwa kimesogea hata saa moja. Kwa tenki letu sentimita moja ni kama lita 60. Piga mwenyewe.

Safari hii nilimruka meneja nikaenda kwa mkurugenzi na daftari langu lenye madoa. Msimamizi wa usafiri akaondoka kimya kimya na mafao yake yote, maana alikuwa shemeji wa mtu. Mimi nikahamishiwa stoo ya vipuri "kupanua uzoefu". Miezi mitano nahesabu beringi. Hakuna aliyesema asante, na nikikutana na baadhi yao kwenye misiba mpaka leo hawanisalimii. Kilichonirudisha ni yule mama wa penseli, aliyeandika kuuliza: aliyekuwa anapima tenki yuko wapi? Barua pepe hiyo nimeichapisha, iko kwenye faili pamoja na vyeti vyangu. Nikiwa na siku mbaya huwa naitoa.

Kwa hiyo ushauri. Usifungue kompyuta kabla hujazunguka kiwanda na daftari. Kila kinachoingia kina mlango wake: mita ya umeme, mita ya kisima, tenki, mizani ya malori. Kila namba uijue karatasi yake na mtu wake. Ukishaulizwa "hii umeitoa wapi" na ukaanza kusema "kwa ujumla", umekwisha.

Vitabu vipo. Wengi tunafuata GHG Protocol, mwongozo uliotoka mwaka 2001, unaogawa hesabu kwenye wigo tatu: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na vingine vyote vya kabla na baada yako, kuanzia malighafi mpaka malori ya watu. Huo wa tatu ni bahari, usijitose mwaka wa kwanza. Kwenye nondo, kama mnayeyusha chakavu, umeme ndio mnyama wako, halafu tanuru la kupashia vyuma kabla ya kuvivuta kuwa nondo. Uliza linachoma nini. Kwa viwango vya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, mafuta mazito hutoa kilo 77.4 za hewa ukaa kwa kila gigajuli ya joto, gesi asilia kilo 56.1. Mkihamia gesi mmepunguza zaidi ya robo kwa joto lile lile. Na muulize fundi viyoyozi anajaza gesi kilo ngapi kwa mwaka, kwa sababu kilo moja ya R-410A, gesi ya viyoyozi, ikivuja ni kama tani mbili za hewa ukaa. Hilo watu hulisahau kabisa.

Kwenye umeme kuna mtego mwingine. Mwaka 2024 mitambo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha, gridi iliyokuwa ikiegemea sana gesi ikaanza kupata umeme mwingi zaidi wa maji. Kizidishio cha umeme, yaani kilo za hewa ukaa zinazohesabiwa kwa kila uniti, kikishuka, hewa ukaa yako kwenye karatasi inashuka hata kama hujazima taa moja. Wenzangu walitaka tujipongeze kwenye ripoti. Nikawaambia hongera ni za mto Rufiji. Mtego huo una ndugu yake: mwaka ambao oda zilipungua, hesabu yetu nzima ilishuka vizuri tu, lakini kwa kila kilo ya kitambaa ilipanda, maana boila haliulizi una oda ngapi, likiwashwa limewashwa. Andika zote mbili, jumla na kwa kila tani ya bidhaa. Atakayeandika ile nzuri peke yake anajijua.

Halafu majitaka. Hapa ndipo ninapowashwa moto na nitaomba mnisamehe. Viwango vyetu vinataka BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuozesha uchafu wa majini) isizidi miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni ya kuuvunja uchafu huo kwa kemikali) isizidi 60, kabla maji hayajatoka nje. Nimefanya kazi mahali ambapo sampuli ilichukuliwa Jumapili, siku ambayo mapipa ya rangi yamelala, maji yanatoka meupe kama ya kunawa. Jumatano ungepita upande wa mfereji ungeuona umekuwa buluu, Ijumaa mwekundu, kutegemea oda. Watoto wa mtaa wa chini walikuwa wanabashiri rangi ya kesho. Cheti cha maabara kilikuwa halali, muhuri halali, kila kitu halali.

Jamani, mnaofanya kazi hizi, mnadhani mnamdanganya nani? NEMC ina wakaguzi wangapi wa kuzunguka nchi nzima? Mto Msimbazi unajua. Mama anayemwagilia mchicha kando ya mto anajua, na mchicha huo unaununua wewe ukitoka kazini. Tunasaini "zimehakikiwa" juu ya namba ambazo hatujazigusa, kisha Ijumaa tuko msikitini na Jumapili tuko kwaya. Sampuli ichukuliwe siku mashine zimepamba moto. Na ukikosea, ukurasa wa mbele andika: mwaka jana tulisema hivi, tulikosea, sahihi ni hivi. Mimi nililiandika lile la tani tisa. Mkurugenzi alitaka kuzimia. Mnunuzi aliongeza oda.

Nilimjibu yule binti yote haya kwa sauti, dakika kumi na nne, maskini. Mwisho nikamwambia asubuhi kabla ya zamu ya kwanza aende chumba cha mita ya umeme, apige picha ya tarakimu na tarehe, anitumie, tuanzie hapo.

Jana kanijibu. Chumba kimefungwa, ufunguo anao fundi umeme, na fundi yuko likizo Tukuyu mpaka tarehe 20.