Kikaoni nilikubali, nyumbani nikajuta: majibu ya maswali yenu

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka pande nyingi lakini zinasukumana kwenye jambo moja: mtu akiwa peke yake ni huyu, akiingia kwa wenzake anakuwa mwingine. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Nipo kwenye kamati ya harusi ya mdogo wake rafiki yangu. Kikao cha kwanza kilipitisha bajeti ya milioni 28. Moyoni napinga kabisa, lakini zamu yangu ilipofika nikasema "sawa tu", na nikaahidi laki tatu ambazo sina. Ni nini kilinipata? (Mjumbe wa kamati, Tabata)

Marahaba. Kilichokupata ndicho kilichowapata nusu ya waliokuwa pale, na nina hakika wapo waliokuwa wanasubiri wewe uanze kupinga.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch wa chuo cha Swarthmore, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio jepesi mno. Watu wanaketi chumbani, wanaonyeshwa kadi yenye mstari mmoja na nyingine yenye mistari mitatu, kisha kila mtu anataja kwa sauti upi kati ya ile mitatu unalingana na ule mmoja. Mtoto wa chekechea anaweza. Ila chumba kizima kilikuwa kimepangwa, isipokuwa mtu mmoja asiyejua lolote, naye alikaa mahali ambapo zamu yake ingefika karibu na mwisho. Wenzake walipotaja wote mstari usiofanana hata kidogo, karibu theluthi ya majibu yake yalifuata kosa lao. Robo tatu ya waliojaribiwa walikubali kosa angalau mara moja. Baadaye wengine walieleza kwamba waliona vizuri tu ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Wengine walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe.

Hiyo ni mistari kwenye kadi, haina shemeji wala mama mkwe ndani yake. Wewe ulikuwa na bajeti, mwenyekiti aliyevaa koti, na wazazi wa bwana harusi wamekaa mbele.

Sasa itazame ile orodha ya ahadi inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp. Namba moja mwenyekiti, laki tano. Namba mbili mweka hazina, laki tano. Namba tatu mjomba, laki tano na tiki ya kijani kuwa ameshalipa. Anayefuata ananakili orodha nzima, anaandika jina lake chini, anaituma upya. Watu watatu wa kwanza wameshapanga bei, na wa kumi na tisa anaona aibu kuandika elfu hamsini chini ya majina hayo, hata kama ndiyo aliyo nayo. Hakuna aliyemlazimisha.

Jambo jingine: kila mmoja anadhani yeye tu ndiye anayeona ni ghali. Watafiti Deborah Prentice na Dale Miller waliliona hili kwa wanafunzi wa Princeton, na wakaandika mwaka 1993: wengi hawakupendezwa na ulevi wa pale chuoni, lakini kila mmoja aliamini wenzake wanaufurahia kuliko yeye, basi akanyamaza na glasi yake mkononi.

Dawa yake imo humo humo kwa Asch. Alipomweka chumbani mtu mmoja tu wa kutaja mstari sahihi, makosa ya yule asiyejua lolote yalishuka mno. Mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho mpigie mjumbe mmoja unayemwamini, umuulize faragha anaionaje bajeti. Akisema kama wewe, msikae pamoja, na mmoja wenu aombe kuzungumza mapema, kabla wenye pesa hawajataja namba. Ukiweza kumshawishi mwenyekiti, kila mtu aandike kiwango anachoona kinafaa kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kusema, ni bora zaidi.

Laki tatu? Mpigie mweka hazina leo useme utatoa laki moja. Mweka hazina mzoefu anajua ahadi si hela.

Mume wangu timu yake ikifungwa hali chakula cha usiku na watoto hawaruhusiwi kucheka. Ikishinda, jezi haivuliwi mpaka Jumatano. Hajawahi hata kuingia uwanjani. Huu ni ugonjwa? (Mke wa shabiki, Kigamboni)

Pole, dada, ingawa nimecheka kwenye Jumatano.

Si ugonjwa. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti wa vyuo vikuu vya Marekani: Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Wakiusimulia ushindi walisema "tumeshinda"; wakisimulia kipigo, "wamefungwa". Msikilize mumeo wiki hii utaniambia.

Ila swali lako lina kina kuliko jezi. Henri Tajfel alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland. Alipigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, na vita vilipokwisha akakuta karibu ndugu zake wote wameuawa. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuuliza ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuwagawa watu. Miaka ya mwanzo ya 1970, akiwa Bristol, Uingereza, aliwaambia wavulana wa shule kwamba wamegawanywa kwa kufuata picha walizozipenda, za mchoraji Klee au za Kandinsky. Ukweli ni kwamba aliwagawa ovyo. Hawakujua nani yuko nao, na pesa walizogawa hakuna hata mmoja aliyejigawia mwenyewe. Bado waliwapendelea "wenzao". Cha kushangaza zaidi, mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo, ilimradi pengo kati yao na kundi la pili liwe kubwa.

Ikiwa picha tu zilitosha, fikiria Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba 1936, zote Kariakoo, moja Jangwani, nyingine Msimbazi, mwendo wa miguu. Hazikutenganishwa na dini, kabila wala mkoa. Na mpaka hauhitaji hata timu mbili: miaka ya 1970 Yanga yenyewe iligawanyika, hawa wakaitwa Yanga Kandambili, wale Yanga Raizon, kwa majina ya viatu, na kutoka kwenye mgogoro huo ikazaliwa Pan African. Watu walioshangilia bao moja Jumapili hawakutaka tena kukaa benchi moja.

Tunachopaswa kujivunia ni kwamba tumeuingiza ushindani huu kwenye utani. Simba na Yanga ni watani wa jadi, na utani una sheria zake: mtani anakutukana mpaka msibani na hukasiriki, kwa sababu kesho ni zamu yako. Kama mumeo anaweza kumjibu jirani wa upande wa pili akacheka, yuko salama. Kama hawezi, nadhani timu imebaki kuwa karibu kitu pekee anachojihesabia. Mwanamume mwenye kikundi cha msikitini au jumuiya, wenzake wa kazi, na watoto wanaomngoja, kipigo cha Jumapili kinamgusa sehemu moja tu. Maneno "ni mpira tu" yaache, hayajawahi kumtuliza mtu. Muombe akupangie jambo la siku ya pili yake ambalo watu wengine wanamtegemea.

Lakini pesa ya chakula ikianza kwenda kwenye kubeti, au mkono ukiinuliwa, hapo mpira umeshaisha. Ita wazee, au nenda ustawi wa jamii.

Tumsifu Yesu Kristu. Parokia yetu ina kwaya mbili zisizoelewana, hata kipaza sauti hatuazimani. Paroko anataka tunywe chai ya pamoja. Itasaidia? (Katibu wa kwaya, Moshi)

Milele amina. Chai mtakunywa, kila kwaya na meza yake.

Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma. Hawakuwa wakijuana. Aliwagawa vikundi viwili, wakajipa majina, Rattlers na Eagles, kisha akawashindanisha kwa zawadi. Katika siku chache wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Akawaleta pamoja kula na kutazama filamu, kama paroko wako anavyotaka. Wakarushiana chakula. Kilichowageuza ni shida: maji ya kambi yalikatika (Sherif mwenyewe ndiye aliyeyakata), na lori la chakula likagoma kuwaka, ikabidi wote washike kamba moja kulivuta. Siku ya kurudi nyumbani walipanda basi moja kwa hiari yao.

Kwa hiyo tafuteni kazi ambayo hakuna kwaya inayoiweza peke yake. Wimbo mmoja mkubwa wa Krismasi, sauti ya kwanza na ya pili kutoka kwenu, sauti ya tatu na besi kutoka kwao, mpiga kinanda mmoja. Na vipaza sauti vipya vinunuliwe kwa mfuko mmoja, ufunguo ukae kwa paroko.

Ushindani wenyewe msiuue, nakusihi. Pwani yetu ilikuwa na ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya Lamu na Mombasa na kusambaa hadi bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza pamoja na askari na wapagazi. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, tarumbeta na vyeo: kila chama kilikuwa na mfalme wake na majenerali wake, mtu asiye na cheo chochote mbele ya mkoloni akipigiwa saluti jioni na wenzake. Bila mpinzani wa kumzidi, nani angejibana kununua tarumbeta?

Mwezi uliopita usiku walipiga kelele za mwizi. Nikatoka na wenzangu. Nilimpiga teke. Sijui aliiba nini, wala sijui kama alipona. Silali. Ilikuwa mimi kweli? (Bila jina)

Ndiyo, ilikuwa wewe.

Yapo maelezo ya zamani yangekufariji. Mfaransa Gustave Le Bon aliandika mwaka 1895 kwamba mtu akiingia kwenye umati akili yake huzimika. Siyakubali. Aprili 1980 kulitokea ghasia katika mtaa wa St Pauls, Bristol, na Stephen Reicher alipochunguza alikuta umati ulioshambulia polisi lakini ukaziacha nyumba za watu na maduka mengi ya wenyeji. Umati ule ulikuwa na mipaka, na kila aliyekuwemo aliijua. Umati wenu nao ulikuwa na sheria yake. Ilitungwa kijiweni kwa miaka, kila mtu aliposema "mwizi dawa yake moja" na wengine wakaitikia.

Najua pia kwamba wengi waliokuwa wamesimama hawakutaka. John Darley na Bibb Latané walionyesha mwaka 1968 kwamba mtu anayeamini yeye peke yake ndiye anayemsikia mwenzake akizidiwa na kifafa hukimbilia msaada mara 85 kati ya 100. Akiamini kuna wengine wanne wanaosikia, mara 31. Kila mmoja anamwachia mwenzake. Ndiyo maana ukijikuta tena kwenye tukio la namna hii, usipaze sauti kwa watu wote. Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe wa shati la bluu, piga 112. Wewe, kamlete mwenyekiti wa mtaa."

Kwa sasa tafuta kujua yule mtu alipo. Kabla ya hapo onana na wakili. Wapo wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo. Mahakamani hauitwi umati, anaitwa mtu kwa jina lake, na ni heri ufike ukiwa umejipeleka.

Mkopo wa benki nauchelewesha bila hofu. Wa kikoba hata siku moja sithubutu. Mbona? (Mama lishe, Morogoro)

Benki haikuja kwenye msiba wa mama yako. Wanakikoba walikuja, wakakesha, wakaosha vyombo. Dhamana yako kwao ni jina, na jina hilo unaliishi kila siku sokoni.

Angalia tu usikope kausha damu ili ulipe kikoba usiaibike. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo. Waambieni viongozi mapema. Kikoba chenye mfuko wa jamii kinaweza kukusogezea muda.

Mwanangu amerudi kutoka shule ya bweni Nairobi anaongea Sheng tupu. Nikimsemesha Kiswahili chetu anacheka. Nimempoteza? (Mama, Mombasa)

Hujampoteza, mama. Sheng ilikulia mitaa ya Eastlands kwa vijana waliotaka lugha ambayo wazazi na walimu hawataielewa upesi, na kwa bweni jipya lenye watoto kutoka kila kaunti ndiyo tiketi ya kuingilia. Mtoto aliyegoma kuisema angekula peke yake. Akizungumza na nyanya yake nadhani bado anatumia Kiswahili chenu na "shikamoo" zake zote, maana mtoto hujua vizuri lugha ya kila mlango.

Na kama Sheng inakukera sana, jifunze maneno yake mawili matatu uyatumie mbele ya rafiki zake. Kufikia mwisho wa likizo atakuwa ameyaacha.