Saratani haihami

Msomaji ameuliza: "Ndugu yetu ana saratani ya sinasi. Tuseme imehamia jichoni, imeenea jichoni au imesambaa jichoni?"

Semeni imeenea. Na hilo "imehamia" tulizike leo, maana nimechoka kulisikia redioni na kulikuta hata kwenye maelezo wanayopewa wagonjwa.

Kuhama ni kuondoka. Mpangaji akihama, chumba hubaki kitupu. Bisha hodi usiku kucha, hakuna wa kuitika. Sasa saratani ya sinasi ikifika jichoni, shavuni ilikoanzia imetoka? Nilipata kukaa jirani na binti aliyekuwa akimsomea baba yake majibu: "imehamia kwenye jicho." Mzee akapapasa shavu lake lililovimba, akauliza taratibu, "Kwa hiyo hapa pameshapona?" Binti akainamia karatasi, kimya. Mzee alikielewa Kiswahili barabara. Aliyekosea ni mwandishi, na kosa hilo lilimpa mgonjwa tumaini la uongo.

Sinasi ni mashimo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso, na saratani zake nyingi huanzia katika ile ya shavuni. Juu yake, mfupa mwembamba tu ndio unaoitenga na jicho. Chini yake ipo mizizi ya meno ya juu. Uvimbe ukikua huula mfupa ukapenya: jicho likatokeza, mtu akaona vitu viwiliviwili, jino likalegea bila kuoza. Pengine hutambaa na mishipa ya fahamu hadi ndani ya fuvu. Huko kote ni kuenea, kwa kuwa uvimbe ni ule ule mmoja, umejitanua. Waliouita ugonjwa huu saratani, yaani kaa kwa Kiarabu, walimfikiria mnyama mwenye miguu iliyotanda pande zote.

Seli za saratani zikibebwa na limfu, yaani majimaji yanayopita katika mishipa yake mwilini, hadi tezi za shingoni, au na damu hadi mapafuni, hapo ndipo pa kusema imesambaa. Na huko mapafuni msiibatize saratani ya mapafu: bado ni ya sinasi, na daktari hupanga tiba akizingatia ilikoanzia.

Wengi husema "imesambaa" hata kwa jicho. Hao siwagombezi, maana anayewasikia anajua kwamba shavu bado linaumwa.