Sauti Iko Hapa, Ndege Iko Kule: Maswali ya Wapenzi wa Ndege Vita

Barua za safari hii zimetoka Kusini tupu. Huko ndege ni chache, na anayezipenda hutazama kila inayopita. Tumechagua sita.

Nasikia ngurumo ya jeti utosini kabisa, nikiinua macho naona mbingu tupu. Wenzangu wanasema ni ile rangi ya kujificha. Kweli? — Msomaji, Newala

Rangi inachangia kidogo, lakini kinachokupoteza ni sauti. Kwenye nyuzijoto 30, sauti husafiri mita 349 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa karibu sekunde tatu. Ngurumo unayoisikia utosini ilitoka huko ndege ilipokuwa utosini, nayo haikukusubiri. Jeti inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata mita 250 kila sekunde. Ikiwa imepita kilomita moja juu yako, ngurumo inapokufikia ndege yenyewe imeshatangulia zaidi ya mita 700.

Wengi hudhani lazima ujue ndege iko juu kiasi gani. Si lazima. Ikiwa juu zaidi sauti huchelewa zaidi, lakini kutoka chini umbali iliotangulia nao huonekana mdogo kwa kiasi kilekile. Kinachobadilisha pembe ni mwendo. Nyoosha mkono wote mbele yako: ngumi yako inafunika takriban digrii 10 za anga. Ngurumo ikiwa utosini, jeti ya kilomita 900 itafute ngumi tatu na nusu mbele ya sauti. Ndege ya pangaboi, yaani ya mapanga yanayozunguka, ikienda kilomita 500, ngumi mbili na kidogo. Pangaboi inayokuja kutua kwa kilomita 220, ngumi moja tu. Kwa zile za juu sana ongeza nusu ngumi, maana kwenye baridi kali ya huko sauti hupungua kasi. Kama hujui mbele ni wapi, fumba macho kwa pumzi mbili usikilize ngurumo inahama kuelekea upande gani.

Halafu kuna kosa la jicho lenyewe. Kwenye mbingu isiyo na wingu jicho halina cha kushika, hivyo hulegea na kulenga mita moja au mbili tu mbele ya uso. Ndege inapita na wewe unaitazama bila kuiona. Ukiwa ukingoni pale Shimo la Mungu, kwanza kazia macho vilima vya mbali upande wa Ruvuma, ndipo uyapandishe angani. Usizungushe macho ovyo. Gawa anga vipande, kila kipande ukipe sekunde mbili.

Shikamooni. Niko kidato cha tatu. Nataka kujifunza kutambua ndege vita lakini hapa kwetu hazipiti. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Masasi

Marahaba, mwanangu. Anza na za abiria zinazokuja Mtwara, maana zinafundisha jicho lilelile. Chukua Bombardier Dash 8-400 na ATR 72. Zote zina injini mbili za pangaboi, bawa limekaa juu ya bodi, mkia una umbo la herufi T, na kila injini ina mapanga sita. Asiyejua huziita kwa jina moja. Sasa tazama magurudumu yanatokea wapi. Ya Dash 8 hushuka kutoka chini ya injini, miguu mirefu na myembamba kama ya korongo. Ya ATR hutoka kwenye vivimbe viwili chini ya tumbo, miguu mifupi, na ndege ikiwa chini tumbo lake liko karibu na lami. Ukishaona hilo mara moja hutazichanganya tena, hata kwa mbali.

Ukija kwenye ndege za mizigo za kijeshi, uliza maswali ya namna hiyohiyo. C-130 ya Marekani na An-12 ya Kisovieti, pamoja na Y-8 ya China iliyotokana nayo, zote zina injini nne za pangaboi na bawa la juu. Magurudumu hayakusaidii hapa, zote huyaficha kwenye vivimbe vya tumboni. Nenda puani: C-130 ina pua butu iliyofungwa, An-12 ina vioo vya mwongoza njia. Nenda mkiani: nyingi za An-12 zina kibanda cha mpiga bunduki mwisho kabisa, C-130 haina. Ikija usoni kwako, tazama ncha za mabawa. Za An-12 zinainama chini kidogo. Ukihesabu mapanga sita yaliyopinda kama jambia, hiyo ni C-130J. Nyingi za zamani zina manne.

Mpangilio wetu ni bawa, injini, bodi, mkia, daima kwa utaratibu huo. Rangi iwe ya mwisho. Kijivu ni kijivu, na jua la jioni hugeuza kila ndege kuwa nyeusi.

Ule moshi wa rangi kwenye maonesho ya ndege ni mafuta yanaungua? — Msomaji, Nachingwea

Hauungui. Ni dizeli inayopulizwa kwenye hewa ya moto inayotoka nyuma ya injini. Inageuka mvuke, inapoa, inakuwa matone madogo meupe. Rangi hupatikana kwa kuchanganya dizeli na rangi maalumu. Kila ndege ya Red Arrows, kikosi cha maonesho cha Uingereza, hubeba ya kutosha dakika saba tu: tano nyeupe, moja nyekundu, moja bluu. Ndiyo maana moshi huwashwa na kuzimwa kila mara.

Ninunue darubini ya 8x42 au 10x50? — Msomaji, Mikindani

8x42, dada. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukikuza mara 10, mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 10, na eneo unaloliona linakuwa finyu. Jeti inaingia na kutoka kabla hujaishika. Zile za kubadilisha ukuzaji ziache dukani.

Kama ni mtumba, ingiza mwanga wa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na ikishakula kioo haitoki. Tazama nguzo ya mbali kwa macho yote mawili: ikionekana mbili, au kichwa kikianza kuuma, vioo vya ndani vimehama.

Pwani kama kwenu adui ni unyevu na chumvi. Hifadhi darubini kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na punje za silika jeli za kunyonya unyevu, zile zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zikaushe kwenye kikaango kisichopikiwa tena chakula, moto mdogo, mpaka rangi irudi. Usifute kioo kikavu kwa pindo la kanga: chembe za chumvi zitakikwaruza. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevunyevu. Na usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja.

Nimejipanga kwenda maonesho ya Waterkloof, Afrika Kusini. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 300. Nisikosee wapi? Na hapa nyumbani naweza kufanya mazoezi uwanja wa ndege? — Msomaji, Lindi

Tuanze na la nyumbani: usipige picha uwanja wa ndege wala karibu na kambi bila kibali cha maandishi. Fanya mazoezi kwa kunguru na bodaboda. Shabaha inayokwenda ni shabaha inayokwenda.

Maonesho ya Waterkloof, karibu na Pretoria, hufanyika kila baada ya miaka miwili, mwezi Septemba. Siku za mwanzo ni za wafanyabiashara, kwa hiyo hakikisha tiketi yako ni ya siku za umma. Jeti piga kwa 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi. Pangaboi shuka hadi 1/250, helikopta 1/125. Ukipiga pangaboi kwa 1/2000, mapanga yataganda na ndege itaonekana kama imezimika angani. Mbingu angavu huidanganya kamera, ndege ikatoka kivuli cheusi. Ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1. Tanua miguu, zungukia kiunoni, anza kuifuata ndege kabla haijafika mbele yako na usisimame unapobonyeza. Wengi husimama pale, na hapo ndipo picha huharibika. Kufikia saa sita lami hutoa mvuke wa joto unaotikisa picha, na hakuna lenzi inayoutibu. Zilizoegeshwa zipige asubuhi.

Nunua vizibo vya masikio vya sponji. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kwa sekunde 30 kivimbe. Mtoto mvalishe vifuniko vinavyofunika sikio zima. Na watu wa usalama wakisema msogee nyuma ya kamba, sogeeni bila kubishana. Tarehe 28 Agosti 1988 huko Ramstein, Ujerumani, ndege tatu ziligongana na moja ikaangukia watazamaji. Walikufa watu 70, wakiwemo marubani watatu.

Nachonga mpingo mwaka wa 30 sasa. Kijana kaniagiza mfano wa jeti vita, MiG-21, na bawa limevunjika mara mbili. Nifanyeje? — Mchongaji, Mtwara

Shikamoo, mzee. Kilichovunja bawa si mkono wako, ni mwelekeo wa nyuzi za mti. Ukichonga ndege nzima kwenye gogo moja, nyuzi hufuata bodi kutoka puani hadi mkiani. Bawa linatoka ubavuni, hivyo nyuzi zake zinabaki fupi na hukatika kama biskuti.

Chonga mabawa peke yake, nyuzi zifuate ukingo wa mbele. Kwa kipimo cha 1 kwa 48, kutoka ncha hadi ncha ni milimita 149, na urefu wote pamoja na mchokoo, ule mrija mwembamba unaotokeza puani, ni milimita 328. Ukingo wa mbele umelala nyuma digrii 57. Unene wa shinani uwe milimita 5, ukipungua kuelekea nchani. Kwenye shina acha ulimi wa milimita 8, utoboe tundu lake kwenye bodi. Mpingo una mafuta yanayokataa gundi, kwa hiyo futa ulimi na tundu kwa spiriti dakika chache tu kabla ya kupaka gundi ya mirija miwili.

Vipande vibichi vipake nta ya mshumaa kwenye miisho yote na uvikaushe kivulini, visipasuke. Ile koni katikati ya mdomo wa kuingizia hewa puani itoe kwenye ganda jeupe la mpingo. Itaonekana vizuri mno kwenye mdomo mweusi.

Mchokoo tengeneza kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa kwa tupa. Kabla hujatoboa tundu lake, muulize kijana anataka MiG-21 gani: kwenye F-13 mchokoo uko chini ya mdomo, kwenye zilizofuata uko juu.