Pima mteremko wa fezi kabla hujavuta trak

Wiki hii kijana mmoja kutoka Tanga ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimerekodi gitaa kwa maiki mbili, moja karibu na tundu, nyingine mbele ya mpigaji. Nimevuta trak moja mpaka vilele vikalingana kwenye skrini. Nikizicheza pamoja, gitaa linakuwa jembamba kuliko trak moja peke yake. Nakosea wapi?" Marahaba mdogo wangu. Swali lako naulizwa karibu kila mwezi, na safari hii nimeamua kulijibu hapa ili wote wafaidike.

Najua mnaonisoma mnataka kitu kimoja: rekodi ya ala zetu ambayo ikiwekwa kando ya zile za Cairo au Istanbul haioni haya. Vyombo tunavyo, wapigaji tunao, na siku hizi hata kompyuta ya mtumba ina nguvu ya kutosha. Tunachokosa ni utulivu wa kupima.

Mimi nilianza kazi ya sauti kwenye studio moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimetoka chuo na elektroniki yangu kichwani. Mwenye studio alikuwa mtu wa masikio, na masikio yake yalikuwa mazuri kweli, hilo sitamnyima. Lakini siku moja alinikuta nimefungua grafu ya fezi, yaani ya mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake, katikati ya kazi, akanisimamisha mbele ya bendi nzima na kuniambia hesabu hazijawahi kutengeneza wimbo. Wanamuziki wakacheka. Nilinyamaza, maana alikuwa mkubwa wangu na mimi nilikuwa na kodi ya nyumba. Kicheko kile sijakisahau. Na kila ninapomaliza kazi nzuri huwa natamani angekuwepo aisikie.

Miaka ikapita, nikahamia Unguja, nikapata kazi ya kumrekodi mzee mmoja mpiga udi nyumbani kwake Ng'ambo. Pikipiki zilikuwa zinapita dirishani mpaka usiku, kwa hiyo nilibandika maiki ndogo moja kwa moja kwenye uso wa udi, chini ya daraja la nyuzi, na nyingine ya kawaida nikaisimamisha sentimita 70 mbele yake. Ile ya kubandika ilileta ukucha wa risha ukigonga nyuzi, kavu na safi. Ile ya mbele ilileta hewa, chumba na mbao. Kila moja peke yake ilipendeza. Nilipozifungua pamoja, sauti ikabonyea katikati kama kibuyu kilichokanyagwa.

Mzee akavaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akazivua. "Mwanangu, huyu si udi wangu. Tumbo lake umelipeleka wapi?"

Alikuwa na haki. Sauti kwenye waya hufika papo hapo, lakini hewani hutembea. Chumba kile kilikuwa na joto la nyuzi 30 hivi, na kwa joto hilo sauti huenda takriban mita 349 kwa sekunde. Sentimita 70 ni milisekunde 2 za safari. Sasa chukua wimbi la hezi 250, yaani mizunguko 250 kwa sekunde: mzunguko wake mmoja ni milisekunde 4, nusu yake ni 2. Maana yake, maiki moja ikiwa inapanda, nyingine inashuka, na ukizijumlisha zinamezana. Hezi 250 ni karibu na noti ya si iliyo chini ya do ya kati, yaani pale pale udi unapoweka uzito wake. Shimo la pili liko hezi 750, la tatu 1,250, na kuendelea hivyo hadi juu. Hapo katikati, kwenye hezi 500 na 1,000, sauti inajaa kupita kiasi. Udi wa mzee ulikuwa umetobolewa matundu kwa mpangilio, na ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na treble, haiwezi kuyaziba, kwa sababu kilichomezwa hakipo tena cha kupandisha.

Wengi wetu hapo tunafanya alichofanya mdogo wangu wa Tanga: tunakuza skrini, tunatafuta kilele kwenye trak moja, tunavuta ya pili mpaka vilele vikutane. Kwa maiki mbili za aina moja zilizo mbele ya ngoma, njia hii inaweza kukubeba. Kwa udi au gitaa lenye maiki ya kubandika, haikubebi. Maiki ya kubandika inasikia mtikisiko wa ubao, ile ya mbele inasikia ubao, tundu na hewa ya ndani vikiwa vimechanganyika. Umbo la mawimbi yenyewe ni tofauti, kwa hiyo kilele cha huku si lazima kiwe ndugu wa kilele cha kule. Jicho linachagua kilele kilicho karibu na kusema hiki ndicho. Unalinganisha picha, sauti inabaki ilivyo.

Kitu kilichoniokoa ni somo lile lile nililochekwa kwalo. Mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier alichapisha mwaka 1822 kitabu chake kuhusu joto, na ndani yake mlikuwa na wazo kwamba umbo lolote la wimbi linaweza kujengwa kwa mawimbi ya sini, yale laini ya mlio mmoja, ya masafa mbalimbali (masafa ni idadi ya mizunguko kwa sekunde). Wazo hilo likiingia kwenye sauti linatupa zawadi: ukichelewesha sauti nzima, ukubwa wa kila wimbi dogo haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni fezi yake tu, na inabadilika kwa utaratibu ulionyooka. Kila wimbi linarudi nyuma kwa nyuzi 360 zikizidishwa kwa masafa yake na kwa muda wa kuchelewa. Kwa milisekunde 2, hezi 100 inarudi nyuzi 72, hezi 200 inarudi 144, hezi 250 inarudi 180. Chora hizo kwenye grafu, masafa chini na fezi pembeni, unapata mstari mnyoofu unaoteremka. Mteremko wa mstari huo ndio muda.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike, ndugu zangu, hata mkisahau mengine yote. Muda ni mteremko. Usiutafute kwenye kilele kimoja, utafute kwenye mstari mzima, maana kila wimbi dogo linakupigia kura yake.

Kuupata si kazi ya ajabu. Unazipeleka trak zote mbili upande wa masafa kwa FFT, ile njia ya haraka ya kuipasua sauti katika mawimbi yake ya sini, ambayo wanahisabati Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965. Kwenye lugha ya programu ya Python yenye maktaba ya NumPy ni amri ya rfft tu. Wimbo wa dakika tatu kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde una sampuli milioni 8 na zaidi, na kompyuta inaumaliza kabla hujanywa funda la chai. Kisha unazidisha matokeo ya trak ya pili kwa kinyume-changamano cha matokeo ya ya kwanza (namba zile zile, pembe zake zikiwa zimegeuzwa alama), masafa kwa masafa. Pembe ya jibu ndiyo tofauti ya fezi kati ya maiki hizo mbili. Ni bora zaidi kuikata sauti vipande vipande na kuchukua wastani wa majibu, ili mlio wa pikipiki uliopita mara moja usiharibu hesabu.

Grafu yenyewe mwanzoni itakutisha, kwa sababu pembe huishia nyuzi 180 na kurukia upande wa pili. Kwa milisekunde 2 inaruka kila baada ya hezi 500. Ukiikunjua, yaani ukiiunganisha miruko hiyo, unaona mstari. Kule ambako ala haina sauti, nukta zitatawanyika ovyo kama mchele uliomwagika. Ziache. Mimi kwa udi naamini kuanzia hezi 80 hadi elfu tatu au nne, kwingine sisikilizi.

Mstari huo una habari ya pili ambayo imenipa heshima kwa wateja kuliko kitu chochote. Uvute kurudi nyuma mpaka kwenye masafa ya sifuri na uangalie unapogonga. Ukigonga sifuri, maiki zako zinakubaliana na tatizo ni muda tu. Ukigonga nyuzi 180, moja ya maiki imegeuzwa: inasukuma wakati mwenzake anavuta. Hapo kusogeza trak peke yake hakutakuponya milele, kwa sababu utakapoyalinganisha masafa ya kati utakuwa umeharibu ya chini. Bonyeza kwanza kile kitufe cha kugeuza wimbi, chenye duara lililokatwa na mstari, halafu ndipo ushughulikie muda. Mdogo wangu wa Tanga, nimezipima trak zako ulizonitumia. Mstari wako unagonga 180. Vilele ulivyovilinganisha vilikuwa vya wimbi jirani.

Na kama mstari umepinda? Basi sehemu hiyo si muda. Ni tabia ya maiki, au ya mbao, au ya filta uliyoiweka ukaisahau. Usijaribu kuinyoosha kwa nguvu. Nimeona watu wananyoosha fezi mpaka udi unalia kama simu.

Ukishaujua muda, kurekebisha ni kinyume cha kupima. Kila masafa ya trak iliyochelewa unayageuza kwenda mbele kwa pembe ile ile iliyopotea, halafu unarudisha kila kitu upande wa muda kwa irfft, amri iliyo kinyume cha rfft. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali kama muda unaangukia kwenye sampuli kamili. Kwa mzee wangu, milisekunde 2 na kidogo zilikuwa sampuli 96 na karibu theluthi. Ukivuta kwa mkono utaziba 96, theluthi itabaki.

Niseme ukweli kuhusu hiyo theluthi, maana kuna watu wanawauzia vijana hofu. Ukiwa unajumlisha maiki mbili, theluthi ya sampuli hutaisikia: kwenye hezi elfu kumi ni nyuzi zipatazo 25, na sauti inapungua kwa kiasi kisichofika nusu desibeli. Ila ukitaka kutoa trak moja ndani ya nyingine, mambo yanageuka. Nimefanya kazi ya kuondoa sauti ya spika iliyovuja kwenye maiki ya mwimbaji, na hapo hizo nyuzi 25 zinakubakizia zaidi ya theluthi ya mlio uliotaka kuufuta kwenye masafa ya juu. Kwa kutoa, sehemu ya sampuli ni kila kitu.

Jambo moja litakuuma usipolijua. FFT inadhani sauti yako ni duara, mwisho wake umeungana na mwanzo. Ukisogeza mbele, kipande cha mwanzo kitatokea mwishoni mwa faili, na ukisogeza nyuma, cha mwisho kitarukia mwanzoni. Ongeza sifuri kabla na baada ya sauti, nyingi kuliko muda unaosogeza, kisha uzikate ukimaliza.

Nilimrudia mzee jioni yake. Akavaa hedifoni tena, safari hii akafumba macho, kidole kikigonga goti. Alipomaliza alisema neno moja tu, "Ndiye," akaomba arudie kusikiliza. Rekodi ile ndiyo watu wanayonitafutia kazi hadi leo, na sioni haya kusema kwamba ni nzuri. Hesabu haikupiga udi. Aliupiga mzee. Lakini hesabu ndiyo iliyowafikishia watu udi wake ukiwa na tumbo lake, na aliyenicheka hajawahi kutoa udi kama ule.

Kwa hiyo pimeni. Kabla ya ekwalaiza, kabla ya kompresa, kabla ya kulaumu maiki ya bei nafuu, pimeni mteremko. Lakini msilinganishe kila kitu kwa sababu tu mmejua kulinganisha. Mkirekodi kikundi kizima cha taarabu ukumbini, fidla, akodiani, dumbaki na waitikiaji, maiki za mbali zimechelewa kwa sababu ukumbi ni mkubwa, na kuchelewa huko ndiko kunakomwambia msikilizaji kwamba ukumbi ni mkubwa. Mimi nalinganisha maiki zinazoangalia ala moja kwa karibu. Za ukumbi naziacha.

Wanaorekodi harusi kwa kamera na rekoda tofauti, fezi peke yake haitawatosha. Kila kifaa kina saa yake ya ndani ya fuwele, na saa mbili zikitofautiana sehemu 20 tu kwa milioni, mnapoteza karibu sampuli moja kila sekunde, yaani milisekunde 72 kwa saa nzima. Mstari wa fezi wa dakika ya kwanza hautafanana na wa dakika ya mwisho. Pimeni muda kwenye sekunde chache za mwanzo, mpime tena kwenye sekunde chache za mwisho, gawanyeni tofauti kwa urefu wa rekodi, na mtumie uwiano huo kunyoosha au kufupisha faili ya kamera kwa ukamilifu wake. Hiyo ni kazi ya kubadilisha kasi ya sampuli, na programu nyingi za sauti zinaifanya. Baada ya hapo ndipo mteremko mmoja utafaa kuanzia nikahi hadi keki.